Jerry Lawson, mhandisi mweusi aliyetenganisha mchezo na mashine

KISANGANI, Tshopo. Katika mitaa ya Makiso, Mangobo na Kabondo, vijana wengi wanajua chumba kidogo ambamo mtu analipa franka chache ili acheze mechi moja ya mpira kwenye televisheni. Umeme ukikatika, mwenye chumba anawasha jenereta, na bei ya mechi inafuata bei ya mafuta. Siku anapotaka kununua mashine nyingine, swali la kwanza analojiuliza si uzuri wa mashine. Anauliza ni michezo gani inaingia ndani yake. Mchezo wa mpira unapatikana kwa mashine karibu zote. Lakini kuna michezo mingine inayochezwa kwa mashine ya kampuni moja tu, na diski yake ukiipeleka kwa mashine ya kampuni nyingine, haisomwi kabisa.

Mashine hizo zinaitwa konsoli. Nyuma ya swali la mwenye chumba kuna biashara kubwa ya dunia: nani ana haki ya kutengeneza mchezo, na nani ana haki ya kusema mchezo huo utachezwa wapi. Ukifuata biashara hiyo hadi mwanzo wake, unakutana na mtu ambaye wachezaji wengi hawajawahi kusikia jina lake: Gerald Anderson Lawson, aliyeitwa Jerry, Mmarekani mweusi aliyefariki tarehe 9 mwezi wa nne mwaka 2011.

Lawson ndiye aliyeongoza kazi ya kutengeneza konsoli ya kwanza ambayo michezo yake ilikuwa programu ndani ya kaseti za kuchomeka na kuchomoa. Kwa kaseti hizo, mchezo ukawa kitu cha kuuzwa peke yake, mbali na mashine. Tangu siku hiyo watu wanagombania nani auze kitu hicho.

Mtoto wa Queens

Lawson alizaliwa tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1940 huko Brooklyn, katika mji wa New York, na akakulia Queens, upande mwingine wa mji huohuo. Baba yake, Blanton, alikuwa mfanyakazi wa bandarini, akipakua mizigo ya meli, lakini nyumbani alipenda kusoma vitabu vya sayansi. Babu yake alikuwa amesomea fizikia. Kwa kuwa alikuwa mweusi katika Marekani ya wakati ule, hakupata kazi ya elimu yake, akaishia kufanya kazi ya posta.

Mama yake, Mannings, alifanya kazi katika utawala wa mji. Huyo hakukubali mtoto wake asome popote tu. Alikuwa anakwenda mwenyewe shuleni kuongea na walimu na kupima kama wanafundisha kweli, na akafika hadi kuongoza kamati ya wazazi katika shule ambayo karibu wanafunzi wote walikuwa wazungu. Katika darasa la kwanza, mwalimu mmoja alimwekea mtoto Jerry picha ya George Washington Carver, mwanasayansi mweusi aliyezaliwa utumwani na kuwa mtafiti mashuhuri wa kilimo. Maisha yake yote Lawson alikumbuka kwamba picha hiyo ilimwonyesha jambo moja: na yeye angeweza.

Akiwa na miaka 13 alitaka kuwa na kituo chake cha redio, kwa ajili ya kuongea na watu wa mbali kwa mawimbi. Wasimamizi wa nyumba walimoishi walikataa kumwekea sahihi. Kijana akachukua kanuni za serikali, akazisoma mwenyewe, akakuta njia ya kupata leseni bila sahihi yao. Alinunua vipande vya umeme kidogokidogo na kujenga kituo hicho chumbani mwake. Baadaye kidogo alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba akitengeneza televisheni zilizoharibika, na kupata pesa zake mwenyewe.

Alisoma katika vyuo viwili vya New York, Queens College na City College, lakini hakumaliza na diploma. Elimu yake kubwa aliipata mikononi: redio, televisheni, kisha kazi katika makampuni ya vifaa vya umeme vya ndege. Kazi hiyo ikampeleka upande wa magharibi wa Marekani, jimbo la California, katika bonde ambalo leo dunia nzima inalijua kwa jina la Silicon Valley.

Gereji iliyomfungulia njia

Mwaka 1970 Lawson aliingia katika kampuni ya Fairchild Semiconductor. Fairchild ilikuwa moja ya makampuni mama ya bonde hilo. Wafanyakazi waliotoka kwake ndio waliokwenda kuanzisha makampuni mengine mengi, pamoja na Intel. Lawson alikuwa mhandisi aliyekwenda kwa wateja kuwaonyesha namna ya kutumia vipande vya umeme ambavyo kampuni iliuza.

Alikuwa mtu mwenye mwili mkubwa, urefu wake ukikaribia mita mbili, na katika mikutano ya wahandisi wa California alikuwa mara nyingi mweusi peke yake. Katika kikundi cha Homebrew Computer Club, ambamo vijana waliojenga kompyuta za kwanza za nyumbani walikuwa wanakutana, weusi walikuwa wawili tu, na yeye alikuwa mmoja wao. Hapo alifahamiana na Steve Jobs na Steve Wozniak, walioanzisha Apple. Wozniak aliwahi kuomba kazi Fairchild, na Lawson alikuwa kati ya waliomhoji. Hakuchukuliwa.

Usiku, katika gereji ya nyumba yake, Lawson alikuwa anafanya kazi nyingine. Karibu mwaka 1975 alijenga mashine ya mchezo wa magari yanayogongana, ile ya kuwekwa katika baa na kutumia sarafu, iliyoitwa Demolition Derby. Ndani yake alitumia F8, mikroprosesa ya Fairchild yenyewe. Mikroprosesa ni kile kipande kidogo kinachosoma maagizo ya programu na kuyatekeleza. Wakati ule michezo mingi haikuwa na kitu hicho. Mchezo ulikuwa nyaya na vipande vilivyounganishwa kwa ajili ya kazi moja tu.

Wakubwa wa Fairchild walipopata habari ya gereji hiyo, hawakumfukuza. Walimwita wakampa kazi mpya: kuongoza uhandisi na uuzaji wa idara ya michezo ya video.

Kaseti ya njano

Inafaa kusema ukweli wote hapa, kwa sababu mara nyingi habari ya Lawson inafupishwa kupita kiasi. Wazo la kwanza la kutoa mchezo nje ya mashine halikutoka kwake. Lilitoka kwa wahandisi wawili wa kampuni ndogo ya Alpex, Wallace Kirschner na Lawrence Haskel, waliojenga mfano wa kwanza na kuutembeza kwa makampuni makubwa. Lawson alitumwa kuuangalia. Aliona kwamba wazo ni zuri, ila kitu chenyewe kilikuwa bado nyaya wazi na gharama kubwa. Fairchild ikanunua haki ya kulitumia, na Lawson akaongoza kazi ya kuligeuza kuwa kitu ambacho mtoto anaweza kukishika bila kukiharibu.

Aliondoa mikroprosesa ya Intel iliyokuwa katika mfano ule, akaweka F8. Mwenzake Ron Smith alishughulika na ufundi wa kaseti yenyewe na mlango wake, Nick Talesfore akachora umbo la mashine na la kaseti. Tatizo lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana leo. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuuza kipande cha kompyuta kitakachochomekwa na kuchomolewa mara maelfu na watoto. Meno ya kuunganishia yangeweza kuchakaa. Umeme mdogo unaokaa mwilini mwa mtu anapotembea juu ya zulia ungeweza kuunguza kumbukumbu ya ndani.

Kisha ikaja serikali. Mashine yenye mikroprosesa inatoa mawimbi yanayoweza kusumbua televisheni ya jirani, na idara ya mawasiliano ya Marekani ilikuwa na masharti makali. Wahandisi walilazimika kuifunika mashine ndani kwa chuma, na hata kaseti zilibidi zipimwe na kupata kibali. Yule kijana aliyesoma kanuni za redio kwa miaka 13 alijua vizuri mchezo wa aina hiyo.

Konsoli ikatoka mwezi wa kumi na moja mwaka 1976 na baadaye ikaitwa Channel F. Bei yake ilikuwa dola 169.95, na kaseti zake zilikuwa za rangi ya njano. Ndani ya mashine mlikuwa na michezo miwili tayari, tenisi na hoki. Mingine yote ilikuwa ya kununuliwa kando. Manete yake ilikuwa fimbo ya kushikwa kwa mkono, iliyoweza kusukumwa pande zote, kuzungushwa, kuvutwa juu na kubonyezwa chini. Kulikuwa pia na kibonyezo cha kusimamisha mchezo kwa muda, mtu aende kula kisha arudi. Mchezaji yeyote wa leo anakijua kibonyezo hicho, hata kama hajui kilianzia wapi.

Kabla ya hapo kulikuwa na konsoli ya Odyssey ya mwaka 1972, kazi ya Ralph Baer, ambayo nayo ilikuwa na kadi za kuchomeka. Lakini kadi zile hazikubeba programu. Zilibadilisha tu njia za umeme ndani ya mashine. Nyingine, kama ile ya Pong iliyouzwa kwa ajili ya nyumba mwaka 1975, zilijua mchezo wao mmoja tu. Mtu akichoka nao, mashine inakwenda kabatini.

Mlango bila mlinzi

Sasa tuangalie Channel F ilibadilisha nini katika biashara. Kama mchezo uko ndani ya mashine, anayeuza mashine ndiye anayeuza mchezo, basi. Lakini kama mchezo uko ndani ya kaseti, mambo mawili yanawezekana. La kwanza: mwenye mashine anaweza kuuza mashine kwa faida ndogo na kupata faida kubwa kwa kaseti, mwaka hadi mwaka. La pili: mtu mwingine kabisa, ambaye hana kiwanda cha mashine, anaweza kutengeneza kaseti inayoingia katika tundu lilelile.

Hapo ndipo wanapozaliwa watengenezaji wa aina mbili. Tuwaite wa ndani na wa nje. Wa ndani ni wale wa kampuni yenye konsoli yenyewe, au waliomilikiwa na kampuni hiyo. Kazi yao ni kufanya watu waipende mashine ya nyumbani. Wa nje wanajitegemea. Wao wanataka mchezo wao uuzwe kwa kila mashine, isipokuwa wakilipwa vizuri ili wabaki kwa moja.

Fairchild ilitengeneza yenyewe kaseti za mashine yake. Zilikuwa chache, hesabu yake yote haikufika 30, na nyingine zilikuwa za masomo ya hesabu. Mwaka 1977 kampuni ya Atari ilitoa konsoli yake ya kaseti, ambayo baadaye iliitwa Atari 2600. Mwaka 1980 Atari ikapata haki ya kuingiza nyumbani Space Invaders, mchezo wa Kijapani uliokuwa unajaza watu katika baa na vyumba vya michezo. Familia zikanunua Atari kwa ajili ya mchezo huo mmoja. Hili ndilo somo la kwanza kubwa la mchezo wa konsoli moja tu: mtu hanunui sanduku, ananunua kile ambacho sanduku hilo peke yake linaweza kumpa. Atari iliuza mashine karibu milioni 30 katika maisha yake yote. Channel F iliishia laki chache, na mwaka 1979 Fairchild ikaachia haki zake kwa kampuni nyingine.

Mashine ya Lawson ilifungua njia, na mwingine akapita. Haikushindwa kwa ufundi. Ilishindwa kwa sababu michezo yake ilikuwa michache, na hakuna hata mmoja uliomfanya mtoto alie dukani mpaka anunuliwe.

Lawson anakuwa mtu wa nje

Ndani ya Atari kwenyewe, watengenezaji wa michezo hawakuwa na furaha. Majina yao hayakuandikwa juu ya kaseti, na mchezo ulioingizia kampuni mamilioni haukubadilisha mshahara wa aliyeutengeneza. Mwaka 1979 wanne kati yao, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, waliondoka na kuanzisha, pamoja na Jim Levy, kampuni ya Activision. Kazi yao ilikuwa kutengeneza kaseti za mashine ya Atari bila kuwa watu wa Atari. Atari ikawashitaki. Mwaka 1982 pande mbili zikapatana: Activision iendelee, lakini ilipe Atari sehemu kidogo ya mapato. Mpangilio huo, kwamba mtu wa nje anaruhusiwa lakini analipa ushuru kwa mwenye mashine, ndio uliobaki hadi leo.

Lawson naye alitoka Fairchild mwaka 1980. Alianzisha kampuni yake, Videosoft, ili kutengeneza michezo ya Atari 2600, yaani mashine iliyokuwa imeishinda mashine yake mwenyewe. Videosoft inahesabiwa kati ya makampuni ya kwanza kabisa ya michezo ya video yaliyomilikiwa na mtu mweusi. Mtu aliyekuwa ameongoza idara ya ndani akawa sasa mtengenezaji wa nje, anayebisha mlango ambao yeye mwenyewe alisaidia kuuchonga.

Wakati haukuwa mzuri. Kwa kuwa tundu la kaseti halikuwa na mlinzi, kila mwenye pesa kidogo alitaka kuuza kaseti. Hata makampuni yasiyojua kitu kuhusu michezo yaliingia. Maduka ya Marekani yakajaa michezo mibovu, iliyouzwa mwisho kwa bei ya kutupa, na wazazi wakaacha kununua. Mwaka 1983 soko likaanguka. Inakadiriwa kwamba mauzo ya Marekani yaliyofikia karibu dola bilioni 3.2 mwaka huo yalishuka hadi karibu dola milioni 100 mwaka 1985. Videosoft ilifunga katika dhoruba hiyo, kama miaka mitano baada ya kuanza. Kaseti yake moja tu ndiyo iliyofika sokoni wakati ule, nayo haikuwa mchezo bali chombo cha kurekebisha rangi za televisheni. Michezo ambayo Videosoft ilikuwa imetengeneza ilibaki kabatini, na ni baada ya miaka mingi ndipo wapenda mashine za zamani walipoitoa.

Mlango unawekewa kufuli

Kampuni ya Kijapani Nintendo iliona maanguko yale na kujifunza. Ilipoleta konsoli yake Marekani mwaka 1985, iliweka ndani ya mashine na ndani ya kila kaseti kipande kidogo cha umeme. Vipande hivyo viwili vinasalimiana wakati wa kuwasha. Kaseti isiyojua salamu, mashine inakataa kuisoma. Aliyetaka kutengeneza mchezo ilibidi aombe ruhusa, aagize kaseti zake kwa Nintendo na kulipa mapema. Asitoe michezo zaidi ya 5 kwa mwaka. Na mchezo aliouleta kwa Nintendo asiupeleke kwa konsoli nyingine kwa miaka miwili. Hapo mchezo wa konsoli moja tu haukuwa tena bahati ya soko. Ulikuwa sharti lililoandikwa katika mkataba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 masharti hayo yalilegezwa, baada ya malalamiko na macho ya serikali ya Marekani.

Kisha Sony ikaja na PlayStation, mwezi wa kumi na mbili mwaka 1994. Ilitumia diski badala ya kaseti. Diski ni rahisi kutengeneza na inabeba vitu vingi zaidi, kwa hiyo watengenezaji wa nje walipungukiwa na hasara. Kampuni ya Square, iliyokuwa imetoa michezo yake ya Final Fantasy kwa mashine za Nintendo, ilihamia Sony, na mwaka 1997 Final Fantasy ya saba ikatoka kwa PlayStation. Kaseti iliyokuwa imefungua biashara hii mwaka 1976, miaka 20 baadaye ndiyo iliyowafanya watu wa nje wahame kwa mwingine.

Kampuni isiyoweza kuwavuta watu wa nje inaweza kuwanunua. Mwaka 2000 Microsoft ilinunua Bungie, watengenezaji wa Halo, na mchezo huo ukawa sababu kubwa ya watu kununua Xbox mwaka uliofuata. Mwezi wa kumi mwaka 2023 Microsoft ilimaliza kununua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69. Ile kampuni ya watu wanne waliotoroka Atari, baba wa watengenezaji wote wa nje, ikawa mali ya mwenye konsoli. Serikali za Marekani na Uingereza zilikuwa zimejaribu kuzuia ununuzi huo, zikiogopa kwamba mchezo wa Call of Duty ungefungiwa kwa mashine moja. Microsoft ililazimika kuahidi Sony miaka 10 ya mchezo huo kwa PlayStation.

Maua kabla ya kaburi

Wakati mambo haya yote yanakua, Lawson alikuwa amesahauliwa. Alifanya kazi za ushauri. Alishirikiana na mwanamuziki Stevie Wonder katika wazo la saa ya kumwamsha mtoto kwa sauti ya mzazi wake, ambayo haikufika sokoni. Watu wengi waliowahi kusikia kazi yake walishangaa walipomwona uso kwa uso. Hawakuwa wamefikiri kwamba mtu huyo ni mweusi.

Katika miaka yake ya mwisho ugonjwa wa sukari ulimwondolea nguvu ya mguu mmoja na mwanga wa jicho moja. Alikuwa anatembelea kiti cha magurudumu. Mwezi wa tatu mwaka 2011 shirika la dunia la watengenezaji wa michezo, IGDA, lilimwita San Francisco na kumheshimu mbele ya wenzake kama mmoja wa waanzilishi. Mwezi mmoja baadaye akafariki California, akiwa na miaka 70, akiacha mke na watoto wawili.

Heshima zaidi zilikuja alipokuwa hayupo. Jumba la makumbusho la michezo la The Strong, mjini Rochester, limeweka kazi yake kati ya maonyesho yake. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Southern California kilitangaza mfuko wenye jina lake wa kusaidia wanafunzi weusi na wenyeji wa asili wanaosomea michezo ya video. Tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2022, siku ya kuzaliwa kwake, Google iliweka jina lake katika ukurasa wake wa mbele pamoja na michezo midogo ambayo kila mtu angeweza kuicheza na hata kuibadilisha.

Somo kwa upande wetu

Kwa msomaji wa Kisangani, maisha ya Lawson si hadithi ya mbali. Nchi yetu ni kati ya wazalishaji wakubwa wa coltan duniani. Ndani ya madini hayo mna tantale, inayoingia katika vipande vidogo vya umeme vya simu, kompyuta na konsoli. Kwa hiyo Mkongomani yuko tayari katika biashara hii, lakini yuko kwenye mlango wa nyuma, pale bei inapopangwa na wengine. Historia tuliyoisoma inaonyesha kwamba pesa kubwa haikai katika madini, wala haikai sana katika sanduku lenyewe. Inakaa kwa aliye na mchezo ambao watu wanautaka, na kwa anayeshika ufunguo wa kuuruhusu uingie.

Ufunguo huo bado ni mgumu kwa Mwafrika. Kutengeneza mchezo wa konsoli kunadai mkataba na mwenye mashine, vifaa maalum na mtaji. Lakini kuna milango mipana zaidi. Kampuni ya Kiro'o Games ya Kameruni, jirani wetu katika Afrika ya kati, ilitoa mchezo wake Aurion mwaka 2016 kwa kompyuta, ukijengwa juu ya hadithi na sura za Kiafrika. Simu nayo, ambayo kijana wa Kisangani anayo tayari mfukoni, inapokea mchezo wa mtu yeyote aliyefuata masharti ya duka la programu.

Mwanafunzi wa kompyuta wa mji huu anayefikiria njia hiyo afahamu pia upande mchungu wa maisha haya. Lawson alikuwa na akili, mikono na ujasiri. Kilichomkosesha matunda ni mambo ya karatasi na ya soko: Fairchild ndiyo iliyokuwa na haki za Channel F, michezo ilikuwa michache, na Videosoft ilizaliwa wakati soko linakaribia kuanguka. Anayetengeneza mchezo leo anapaswa kusoma mkataba kwa bidii ileile anayosomea programu: haki zinabaki kwa nani, mchezo unafungwa kwa mashine moja kwa muda gani, na kwa malipo gani. Mtoto wa Queens alianza hivyohivyo, kwa kusoma mwenyewe kanuni ambazo wakubwa walifikiri hatazisoma.